"Hakuona Kwao": Ladha, Tabaka na Sebule za Mwiki



Kuna maneno mawili ambayo sisi watu wa mwambao tunayatoa mdomoni bila kuyapima: "Hakuona kwao." Mtu akipaka nyumba rangi ya waridi nje na kijani kibichi ndani, tunasema hakuona kwao. Bibi harusi akipambwa dhahabu ikajaa kifua chote, hakuona kwao. Mgeni akisifu kila sahani inayotua mezani, akauliza imenunuliwa wapi na kwa bei gani, akishatoka mlangoni tunatazamana: maskini, hakuona kwao. Hukumu imeshapita, na mshtakiwa hakuitwa kujitetea.

Leo nataka tuyafungue maneno haya, kwa sababu ndani yake mna jambo la kweli na jambo la dhuluma, na yote mawili yanakaa pamoja. La kweli ni kwamba jicho la mtu, yaani kile anachokiona kizuri na kile anachokiona kibaya, hulelewa. Hulelewa na nyumba aliyokulia, na nyumba hiyo ilikuwa na kitu au haikuwa na kitu. La dhuluma ni kuichukua hali ya nyumba ya wazazi wake na kuifanya kasoro ya nafsi yake.

Nayaandika haya kutoka Mwiki. Wasomaji wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu hawapajui, basi nieleze kidogo. Mwiki ziko mbili zilizopakana. Moja iko Kasarani, kaunti ya Nairobi. Nyingine, hii ninayokaa mimi, ni wadi ya eneo bunge la Ruiru katika kaunti ya Kiambu, na ukitoka mjini unapitia Githurai 45. Hiyo 45 ni nambari ya basi la zamani iliyogeuka jina la mtaa. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru una watu 238,858. Ile ya 2019 ikakuta 490,120. Ndani ya miaka kumi mji umezidi maradufu. Watu wametoka Murang'a, Machakos, Kakamega, Kisii, Siaya, na sisi wachache tuliotoka pwani, na kila mmoja amekuja na mzigo wake wa nguo, sufuria na mambo aliyoyaona kwao.

Mimi nilisomea diploma ya usimamizi wa hoteli, na tangu tuhamie huku napika kwa oda: harusi, akika, matanga, sherehe za watoto kumaliza chuo. Kazi hii huniingiza katika sebule za watu. Nimeingia nyingi, na nimejifunza kwamba sebule ya Mwiki inaweza kukueleza habari za tabaka kuliko hotuba ya mwanasiasa.

Sebule mbili

Sebule ya kwanza ni ya mama aliyefika huku miaka ishirini iliyopita, akajenga au akapanga chumba kimoja, kisha viwili. Sofa zake ni za rangi ya damu ya mzee, kubwa, zimejaa chumba. Juu ya kila mgongo na kila mkono wa sofa pana kitambaa cheupe cha kufuma kwa sindano. Meza ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata televisheni ina chake. Ukutani pana kalenda ya kanisa au ya Sacco, na picha kubwa ya mtoto aliyevaa joho siku ya kuhitimu. Kabati la vioo limepangwa glasi na vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai. Pembeni pana maua ya plastiki.

Sebule ya pili ni ya vijana wawili waliooana juzi, wanaokaa katika magorofa mapya yenye lami mpaka langoni. Sofa ni ya kijivu, moja tu. Kuta ni nyeupe, hazina kitu. Pana mmea mmoja kwenye chungu, zulia jembamba na taa iliyofichwa kwenye dari. Hakuna kalenda, hakuna kabati la vioo, na vitambaa ndiyo kabisa havipo. Hawa wa pili wakizitazama sofa za wa kwanza hucheka. Kwao vitambaa ni alama ya ushamba, na mtandaoni picha za sebule kama hizo hupitishwa kwa vichekesho.

Lakini tuulize: kitambaa kile kinafanya kazi gani? Sofa ya mama yule ilinunuliwa kwa zamu ya chama, na haitanunuliwa nyingine kesho. Inapaswa kuishi miaka kumi na tano. Mwiki ni mahali pa vumbi jekundu wakati wa jua na matope wakati wa mvua, na mafuta ya nywele huacha doa kwenye mgongo wa kiti. Kitambaa unakivua, unakifua, unakianika, unakirudisha. Weupe wake ni shahada ya kwamba katika nyumba hii kuna mwanamke anayefua. Kwa mtu aliyeanza maisha katika chumba cha mabati, usafi unaoonekana ni heshima aliyoipigania. Glasi za kabatini nazo ni akiba ya siku ya wageni. Zinasema: siku mkija wengi, sitaazima kwa jirani.

Na ule utupu wa sebule ya pili unasema nini? Unasema kwamba mwenye nyumba hana haja ya kuweka akiba ya glasi, kwa sababu akitaka glasi atanunua. Hana haja ya kukifunika kiti, kwa sababu kikichakaa atabadilisha, au angalau anataka ionekane hivyo. Hana haja ya kutundika cheti ukutani, kwa sababu kwao kusoma chuo si ajabu. Ule utupu pia ni pambo, na ni pambo la mtu asiyeogopa kesho.

Basi sebule zote mbili zina akili ndani yake. Kila moja imejibu hali ya maisha ya mwenyewe. Ila moja tunaiita "ya kisasa" na nyingine tunaiita "ya kishamba", na ukiangalia vizuri utaona kwamba jina zuri limekwenda kwa mwenye mshahara.

Sisi wa pwani tusicheke kwa mbali. Nenda Lamu, ingia katika nyumba za mawe za Mkomani, nyumba za waungwana wa karne ya 18. Ndani kabisa, katika chumba cha heshima, utakuta ukuta mzima wa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu. Mlipangwa nini humo? Sahani na bakuli za Kichina na vyombo vya nchi za mbali, vilivyoletwa na majahazi. Vingi havikuliwa chakula. Viliwekwa vionekane, mgeni ajue kwamba nyumba hii ina mkono unaofika ng'ambo ya bahari. Leo watu hutoka Ulaya kuja kupiga picha zidaka zile, na mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Sasa niambieni, zidaka za Mkomani na kabati la vioo la Mwiki vimetofautiana nini kwa kazi? Zote ni vyombo visivyotumiwa, vimewekwa kumwambia mgeni jambo. Tofauti ni umri, na nani amesifu.

Mfaransa aliyeyapima haya

Kulikuwa na mwanazuoni Mfaransa, Pierre Bourdieu, mtoto wa mfanyakazi wa posta wa kijijini, aliyefariki mwaka 2002. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake waliwauliza zaidi ya Wafaransa elfu moja maswali mepesi: unapenda muziki gani, unamkaribisha mgeni kwa chakula gani, fanicha yako umenunua wapi, kitu gani kikipigwa picha hutoa picha nzuri. Kisha akayalinganisha majibu na kazi ya mtu, elimu yake na kazi ya babake. Kitabu chake kilitoka 1979 na kikawa maarufu duniani.

Alichokuta ni kwamba majibu hayakutawanyika ovyo. Yalikwenda kwa tabaka. Wafanyakazi wa viwandani na wenye maduka madogo walipenda mno wimbo wa dansi wa Strauss uitwao Danube ya Buluu. Walimu wa vyuo vikuu na wasanii walichagua utunzi mgumu wa Bach. Na kila kundi liliamini kwamba linapenda kwa moyo wake tu, hakuna aliyelifundisha. Hapo ndipo Bourdieu alipoweka kidole. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye vitabu na piano hafundishwi kupenda Bach kwa fimbo. Anamsikia akiwa bado anatambaa. Akikua, analodhani ni kipaji chake kumbe ni urithi, kama shamba au nyumba. Yule ambaye kwao hapakuwa na piano anaambiwa hana ladha, naye mwenyewe anaamini.

Bourdieu alihitaji kitabu kinene kulieleza hili. Bibi zetu walilieleza kwa maneno mawili: hakuona kwao. Ila Bourdieu aliyasema kueleza, na sisi tunayasema kuaibisha.

Niliyaona haya mimi mwenyewe chuoni. Tulifundishwa kupanga uma, visu na vijiko vya chakula cha kozi tano, na glasi ipi hukaa kulia kwa ipi. Aliyekosea alikatwa alama. Hakuna siku tuliyofundishwa kumnawisha mgeni kwa birika na bakuli, nani anawishwa kwanza, na vipi unashika taulo begani, ilhali chuo kilikuwa pwani na nusu ya darasa tulikuwa tumeyajua hayo tangu utotoni. Adabu ya meza ya Mzungu iliitwa taaluma. Adabu ya sinia ya kwetu haikuwa na jina. Siyasemi haya kuudharau uma, umeniletea riziki. Nasema tu kwamba shule nayo huchagua nyumba moja, na kilichoonwa katika nyumba hiyo ndicho hugeuzwa kipimo cha wote.

Vitu hupanda na kushuka

Ushahidi mkubwa kwamba uzuri hauko ndani ya kitu peke yake ni huu: kitu kile kile hupanda cheo na kushuka, na hali kitu chenyewe hakijabadilika hata uzi mmoja.

Tuanze na nguo. Zanzibar ya karne ya 19 mavazi yalikuwa kama kitambulisho. Mwanamke mtumwa alivaa kaniki, kitambaa cha bei ndogo kilichotiwa rangi nyeusi au ya nili. Leso za rangi na maua zilipoanza kuuzwa mwishoni mwa karne ile, na utumwa ulipoondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897 kisha mwambao wa Kenya mwaka 1907, wanawake waliotoka utumwani waliikimbilia kanga. Kuitupa kaniki na kujitanda kanga mpya kulikuwa ni kusema: mimi si mali ya mtu. Mwanahistoria wa Marekani, Laura Fair, ameieleza habari hii kwa marefu katika kitabu chake cha mwaka 2001. Mombasa nayo ilikuwa na wafanyabiashara wake, na duka la Kaderdina Hajee Essak, tunalolijua kwa jina la Mali ya Abdulla, ni la tangu 1887. Kwa hiyo kanga, ambayo leo tunampa bibi harusi kwa fahari na tunamfungia mgeni wa serikali kama zawadi ya utamaduni, ilipendwa kwa pupa na watu ambao mabwana zao wa jana waliwaona hawana haki ya kujipamba.

Njoo kwa muziki. Taarab ya kasri la Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kutoka 1870 hadi 1888, ilikuwa ya Kiarabu, ya mtindo wa Misri, ya watu wa cheo. Kisha akaja Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa wazazi wenye asili ya utumwa, aliyekuwa akiuza vyungu. Aliimba taarab kwa Kiswahili. Waliomhusudu walimtungia wimbo wa kumkejeli, kwamba hakuwa mtu wa maana na alikuja mjini akiwa amevaa kaniki. Tazameni walichokishika: nguo. Hawakusema hajui kuimba. Walisema, kwa lugha yetu ya leo, hakuona kwao. Mwaka 1928 Siti na wenzake wakaenda Bombay kurekodi santuri, nazo zikauzwa mwambao mzima. Leo ukitaka kumwonyesha mgeni kwamba wewe ni mtu wa ladha ya juu katika muziki wa Kiswahili, unamtaja Siti, na unayemkejeli ni yule anayepiga taarab ya kisasa kwa kinanda.

Makuti ni mfano mwepesi zaidi. Vijijini kwetu, Kwale mpaka Kilifi, paa la makuti ndilo la asiyejaliwa bado. Mtu akipata kitu, jambo la kwanza ni mabati, na majirani humpongeza. Wakati huo huo, Diani na Watamu, hoteli za kifahari zimeezekwa makuti, na mgeni hulipa fedha nyingi kwa usiku mmoja alale chini yake. Kuti ni lile lile, la mnazi ule ule. Tofauti ni kwamba mgeni yule kalichagua, na nyumba yake halisi ina paa lisilovuja.

Na nisisahau mfano wa huku ninakoishi, kwani Ruiru ni nchi ya kahawa. Majirani zetu ni Kahawa Sukari na Kahawa Wendani, na kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru ndicho kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, inayojulikana na wakulima wengi kwa kuhimili magonjwa. Lakini ingia nyumba ya Mwiki saa kumi jioni, utapewa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa. Kahawa haimo. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuilima kwa miaka mingi; iliwaachia sehemu chache kama Kisii, Embu na Meru katika miaka ya 1930, na mlango ukafunguka zaidi baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Hata baada ya hapo kahawa ilibaki zao la kuuza nje. Mtu aliichuma, hakuinywa.

Leo kahawa hiyo hiyo inauzwa katika mikahawa ya majumba ya maduka ya barabara ya Thika, kikombe kimoja kwa mamia ya shilingi, na kijana akikaa nayo mbele ya kompyuta huhesabiwa amefika. Na kwetu Mombasa? Kahawa tungu ni kinywaji cha baraza. Huuzwa kwa kikombe kidogo cha shilingi chache kutoka kwenye dele la shaba, pamoja na kashata au haluwa, kwa mvuvi, mpagazi na mzee aliyestaafu. Haikuhitaji kompyuta. Basi punje moja ina vyeo vitatu: jasho la mchumaji, anasa ya mjini, na mazungumzo ya barazani. Ladha ulimini haina tofauti kubwa kiasi hicho.

Hata lugha tunayojivunia

Najua msomaji wa Mombasa ananingoja hapa. Atasema: mambo ya sofa sawa, lakini Kiswahili chetu ni kizuri na cha kibara kinaumiza masikio, na huo ni ukweli wa Mungu. Ni kweli kwamba huku watu huniomba niwasomee kadi za harusi na niwaandikie mialiko, na hunifurahisha. Lakini tukumbuke yaliyotupata. Kimvita na Kiamu zilikuwa lugha za ushairi kwa karne nyingi. Mwaka 1928 wakuu wa kikoloni wakakutana hapo hapo Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Tangu siku hiyo mtoto wa Mombasa aliyeandika kama mamake anavyosema alitiwa alama nyekundu na mwalimu. Kimvita hakikupoteza uzuri wake usiku mmoja. Kilipoteza ofisi. Sisi tuliotendewa hivyo tungekuwa wa kwanza kujua kwamba "kizuri" na "cha wenye nguvu" ni maneno mawili tofauti.

Gharama yake

Mtu anaweza kusema haya ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Si hivyo. Hukumu za ladha hufunga milango.

Mwaka juzi nilifuatana na wanawake waliotoka pwani kuja kumwona binti hapa Mwiki. Baba wa binti ni mtu wa kwetu, marehemu sasa, na mama ni Mkamba aliyesilimu zamani. Binti ana dini, ana kazi, ana adabu. Tulikaribishwa vizuri, tukapewa chai katika vikombe vya melamini na mandazi makubwa ya huku. Sofa zilikuwa na vitambaa, ukutani maua ya plastiki. Tulipokuwa garini kurudi, mkubwa wetu akasema: "Mtoto hana kasoro, lakini nyumba ile, wallahi, hakuona kwao." Kwa maneno hayo posa ilikaa miezi mitano bila jibu. Kijana alishikilia, wakaoana, alhamdulillahi. Lakini maneno yale yalimfikia binti, kwani maneno ya garini hayakosi kufika. Mpaka leo wakwe wakija kumtembelea, yeye huvitoa vile vitambaa alivyofumiwa na mamake, akavikunja, akavificha chini ya kitanda. Vilimchukua mama yule miaka kuvifuma, usiku, baada ya kazi ya siku nzima.

Zidisha kisa hicho kwa nyumba zetu zote. Kijana anaenda usaili wa kazi akiwa na cheti sawa na mwenzake, lakini viatu vyake na matamshi yake ya Kiingereza vinamsemea kabla hajajibu swali. Familia inakopa, siku hizi hata kwa simu, ili harusi ya binti iwe na jukwaa, maua, sare za pande mbili na ukumbi wa kulipiwa kwa saa, kwa sababu ya kuogopa maneno yale mawili. Nimepika katika harusi ambazo deni lake lilidumu kuliko ubwabwa wa kwanza wa ndoa yenyewe. Wenye nacho hawaumii. Mtindo ukibadilika wao hubadilika nao, na hapo wale wa chini wamekwisha kununua cha jana. Dhahabu nyingi iliposhikwa na wengi, wenye nacho wakasema dhahabu nyingi ni ushamba, uzuri ni kitu kimoja chembamba. Ndivyo mchezo ulivyo: mstari husogezwa kila unapoukaribia.

Je, hakuna uzuri basi?

Upo. Sitaki mtu aseme nimehalalisha kila kitu. Mshono ulionyooka ni bora kuliko uliopinda, na fundi wa Githurai anaujua kama fundi wa Lamu. Pilau ambayo mchele umekaa punje punje ni bora kuliko iliyoshikana, nami sitamwachia mpishi wangu hiyo iliyoshikana kwa kisingizio cha usawa. Kazi nzuri ipo, na hujulikana kwa anayeifanya. Tofauti ni kwamba ubora wa kazi unaweza kumwonyesha mtu na akajifunza, awe mtoto wa nani. Cheo cha ladha hakifundishiki hivyo, kwa sababu kazi yake hasa ni kumweka mtu nje.

Dini yetu imelipambanua jambo hili kwa ufupi. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoonya juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza habari ya anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Mtume hakumlaumu kwa kupenda uzuri. Alieleza kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mstari umepigwa hapo. Vaa, pamba, fukiza udi, panga sahani zako zidakani au kabatini. Siku uzuri wako unapokuwa fimbo ya kumpigia mwenzio, umeshatoka kwenye uzuri.

Kwa hiyo mimi nashauri jambo moja dogo. Ukiingia nyumba ya mtu ukaona kitu kinachokuchoma macho, kabla ya kuhukumu jiulize kitu kile kinamfanyia kazi gani, na kilimgharimu nini kukipata. Mara nyingi utakuta nyuma ya kitambaa cheupe kuna mtu aliyekataa kuonekana duni. Na ukitafuta mke, mume, mfanyakazi au mpangaji, pima yale yatakayokaa naye: ukweli wake, kazi ya mikono yake, jinsi anavyosema na wadogo zake. Sofa hubadilishwa.

Na yule binti, kama anasoma hapa, namwambia avitandike vitambaa vya mamake wakwe wakija. Aliyaona kwao mambo mengi mazuri: mama mjane anayefua, anayefuma, anayesomesha, anayekaribisha wageni kwa alichonacho. Huko ndiko kuona.